Ule Mstari wa Ijumaa

Mwanangu Zuhura,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana nakusikia chumba cha pili ukigombana na zipu ya mkoba. Ni saa tisa mchana, baba yako yuko dukani, na mimi nimejifungia jikoni na daftari kana kwamba ni mimi ninayesafiri. Kesho asubuhi unakwenda Nairobi. Mambo ya chakula, ya kutotembea ovyo na ya kupiga simu ukifika, baba yako na shangazi zako wameyasema mpaka yamekwisha. Sitayagusa.

Nataka kukuandikia juu ya lile swali uliloulizwa kwenye mahojiano ya kazi. Ulituhadithia tukiwa mezani. Waliuliza: ukiachiwa mradi wa kompyuta, utaandika nyaraka za usanifu kiasi gani? Ukajibu kwamba itategemea nani anakuja baada yako, na nani ataumia ukikosea. Baba yako alikupigia makofi. Mimi nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Jibu lile ulilitoa kwangu, na nadhani unaamini mimi nililitoa vitabuni. Nililipata kwa Kerubo. Ndiyo, huyo Kerubo aliyekuuliza, ambaye kuanzia Jumatatu atakuwa mkubwa wako wa kazi. Tuliwahi kufanya kazi ofisi moja, nikamkosea vibaya, na akapoteza kazi yake kwa sababu yangu. Wewe ulikuwa darasa la sita. Sijawahi kukuambia, na nimeona ni aibu uje kulisikia kwake au kwa mtu mwingine. Ninaogopa utakavyoniona ukimaliza kusoma, lakini naogopa zaidi ukae naye meza moja bila kujua.

Nianze nyuma kidogo, maana kosa hili lilizaliwa na kosa lingine la upande wa pili.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kwenye zahanati moja ndogo upande wa Nyamarambe. Walitaka mfumo wa kuwakumbusha akina mama, kwa ujumbe wa simu, siku ya chanjo za watoto. Basi. Kazi ya wiki tatu. Lakini mimi nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa, na chuoni walitufundisha kwamba mtu mwenye heshima haandiki programu kabla ya kuandika waraka wa usanifu. Nikaandika. Nilichora mishale na visanduku mpaka vidole vikaota sugu. Miezi minne, kurasa mia moja na kumi na mbili, nikaupeleka ukajaladiwe mjini kwa jalada la bluu. Watumiaji wa mfumo walikuwa wawili: Sista Moraa, muuguzi, na karani wake.

Nilipomkabidhi Sista Moraa lile jalada alilipima mkononi kwanza, juu chini, kama anayenunua nyama.

"Hii kitabu yote ni ya ile meseji?" akauliza.

"Ni maelezo ya mfumo, Sista."

"Na watoto wamechanjwa wangapi tangu uanze kuandika?"

Mfumo wenyewe ulikuwa bado haujaanza kutuma hata ujumbe mmoja. Akina mama walikuwa wanasahau siku vilevile kama zamani, na mimi nilikuwa nachora mishale. Tena nilipoanza kujenga, nikagundua theluthi ya nilichoandika hakikufaa. Akina mama wengi hawakuwa na simu zao wenyewe. Ujumbe ulifikia kwa mume, kwa jirani, kwa mwenye kibanda. Nikabadilisha programu, lakini nani angekuwa na moyo wa kurudia kurasa mia moja na kumi na mbili? Jalada likabaki kueleza mfumo ambao haupo. Baada ya mwaka mmoja alikuja kijana wa kuurekebisha, akauamini ukurasa fulani, akapoteza wiki nzima kutafuta kitu nilichokwisha kukiondoa. Alinipigia simu akinisema kwa adabu sana, na adabu ile ndiyo iliyoniuma.

Nikajifunza. Tatizo ni kwamba nilijifunza kwa hasira. Niliapa sitaandika tena hata ukurasa. Nikawa mtu wa kusema, kwa sauti ili wote wasikie, kwamba programu nzuri inajieleza yenyewe. Nilijiona nimekomaa. Kwa kweli nilikuwa nimehama tu kutoka ujinga mmoja hadi mwingine, na huo wa pili ulikuwa na raha zaidi kwa sababu hauna kazi.

Kwa kichwa hicho nikaajiriwa kwenye ofisi ya kompyuta ya kiwanda cha chai upande wa Gesima. Sitakitaja jina, watu wa wakati ule karibu wote wameondoka. Unajua mashamba yale yalivyo. Mkulima anachuma majani asubuhi, anayabeba hadi kituo, kile kibanda cha mabati chenye mizani, karani anayapima, kisha lori la kiwanda linapita kuyachukua. Majani mabichi hayangoji. Yakikaa kwenye magunia yanapata joto, yanageuka mekundu, yananuka, na kiwanda hakiyataki tena. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza programu ya kupanga malori: kila asubuhi dereva anapewa karatasi inayomwambia aanze kituo gani na amalizie kipi.

Kabla ya kuijenga nilizunguka vituo vyote. Hilo nililifanya vizuri, na sitajinyima. Ijumaa moja nikafika kituo namba saba, kule juu kabisa, barabara inapokwishia. Karani wake alikuwa Mzee Nyakundi, Msabato wa kweli kweli. Kituo kizima kilikuwa mbiombio. Wanawake wanapima majani huku wanasukumana, na mzee anatazama jua kuliko anavyotazama mizani.

"Leo ni Ijumaa," akaniambia. "Jua likishuka, Sabato imeingia. Mimi nafunga, watu wanaenda kuoga, chakula cha kesho kiko tayari. Hakuna mtu utapata hapa mpaka Jumapili. Lori ikichelewa, hayo majani ni ya nani?"

Nilimwelewa upesi kuliko wenzangu wa ofisini wangemwelewa, kwa sababu na sisi Waislamu tunayo Ijumaa yetu na swala ya mchana wake. Karibu vituo vingine vyote vilikuwa na makarani wawili, mmoja Msabato na mwingine si Msabato, wakipokezana. Namba saba alikuwa peke yake. Nikarudi ofisini nikaweka mstari mmoja kwenye programu: kituo cha saba, siku ya tano (kompyuta ikihesabu kutoka Jumatatu, hiyo ni Ijumaa), kabla ya saa tisa na nusu mchana. Lori lipande huko kwanza hata kama litashuka nusu tupu. Mstari wenyewe ulikuwa na namba tatu tu. Sikuandika neno lolote kando yake. Sikuandika Sabato, wala Nyakundi, wala sababu. Nilijiambia nitakumbuka, na kweli nilikumbuka. Ila nilisahau kwamba si mimi nitakayeusoma daima.

Mwaka uliofuata wakaniongezea mwenzangu, Kerubo. Alitoka Kiogoro kila siku alfajiri, akafika na viatu vya matope na vingine safi ndani ya mfuko. Alikuwa hodari kunishinda, nakwambia bila wivu. Wivu nilikuwa nao wakati ule. Dada yangu wa Mumias akaolewa, nikaomba ruhusa ya wiki mbili. Siku ya kuondoka Kerubo akaniuliza kama kuna kitu anachopaswa kujua. Nilimjibu kwamba kila kitu kimo ndani ya programu. Nilisema vile kwa majivuno, Zuhura. Nilikuwa nangoja siku ya kulisema.

Jumatano ya wiki ya pili, mikono yangu ina hina mpaka kwenye viwiko, simu ikaita ujumbe. Wewe ndiye uliyenisomea. Pengine hukumbuki. Kerubo aliandika: "Mama Zuhura, hii laini ya kituo 7 siku ya 5 ni ya nini? Inafanya lori ipande bure. Naweza toa?" Nikakuambia umjibu: "Angalia tu uone, niko kwa harusi." Ukaandika hivyo hivyo, ukarudi kucheza.

Akaangalia, akaona. Kwa mtu asiye na habari, mstari ule ulikuwa upotevu mtupu: lori linapanda mlima mara mbili, mafuta yanaungua, na hakuna neno la kuutetea. Akautoa. Programu ikafanya hesabu zake, ikakiweka kituo namba saba mwisho wa safari. Dereva alijua kabisa kwamba Ijumaa hakuendeki vile, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimewapiga marufuku madereva kubishana na karatasi. Akafuata karatasi. Mzee Nyakundi alingoja mpaka jua likagusa kilima, akafunga kufuli akaenda zake. Lori likafika kukiwa na kiza na mlango umefungwa. Jumapili walipofungua, magunia yote yalikuwa yanafuka. Kazi ya siku nzima ya kituo kizima ikamwagwa bondeni, na Mzee Nyakundi akasimama mbele ya wakulima, mkewe akiwa mmoja wao, kueleza jambo asilolijua.

Jumanne nikawa nimerudi. Meneja akatuita sote wawili. Akamwuliza Kerubo kwa nini alitoa mstari asioujua. Kerubo akasema hakukuwa na maandishi yoyote. Meneja akanigeukia, nami nikasema, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyatamka, kwamba mimi babu zangu walikuja Kisii wageni, wakichuuza vitambaa begani, na bado najua Ijumaa ya Gesima ni nini, sembuse mtu wa Kiogoro, mwenyeji wa hapa hapa. Kerubo ni Mkatoliki. Na mstari wenyewe haukusema Sabato, ulisema tano. Lakini meneja alitikisa kichwa kana kwamba nimesema jambo la maana.

"Ulimwuliza mtu kabla ya kuitoa?" akamwuliza.

"Nilimwuliza Mama Zuhura."

"Alikuuliza?" meneja akaniuliza mimi.

Nikasema, "Sikumbuki."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka harufu ya ile hina. Kerubo alikuwa ameshika simu mkononi, kidole kiko juu ya kioo, nami nikawa nangoja aifungue. Hakuifungua. Akaiweka mfukoni. Siku ile ile akaambiwa asirudi.

Nilimfuata hadi getini, sijui nilitaka kusema nini. Hakuwa analia. Alikuwa anabadilisha viatu, anavaa vile vya matope.

"Ile meseji bado iko kwa simu," akaniambia.

"Mbona hukuionyesha?"

"Wewe uko na mtoto shule. Mimi niko peke yangu, nitapata ingine." Akafunga kamba za kiatu cha pili, akasimama. "Lakini usiseme hukumbuki, Mama Zuhura. Kwangu usiseme hivyo."

Akaenda. Mimi nikarudi ndani nikaendelea na kazi, nikaendelea nayo miaka sita. Nguo zako za shule, vitabu vyako, hata ile kompyuta kuukuu uliyojifunzia kuandika programu, vilitoka pale. Siandiki hili ili ujione una hatia. Wewe ulikuwa mtoto aliyeambiwa aandike ujumbe akaandika. Naliandika kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Jioni ya siku ile niliurudisha mstari, na safari hii nikaandika juu yake sentensi mbili: karani wa kituo hiki ni Msabato na yuko peke yake, Ijumaa hufunga kabla jua halijashuka na hakuna mtu hadi Jumapili, kwa hiyo lori lianze hapa hata likiwa tupu. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Zahanati ilipata kurasa mia moja na kumi na mbili ikiwa haikuhitaji hata tano. Kiwanda kilihitaji sentensi mbili kikakosa. Nimeishi na hesabu hiyo.

Baada ya hapo niliacha kuuliza nyaraka ziwe ndefu au fupi, nikaanza kutazama watu. Mfumo wa kuorodhesha magodoro ya baba yako sikuuandikia chochote: mtumiaji ni mmoja, akikwama anapiga kelele kutoka dukani, na kosa likitokea tunalirekebisha kabla ya adhuhuri. Lakini mradi wa kufungulia maji ya mtaa uliponijia, niliandika kurasa nne kabla ya kugusa kompyuta, kwa sababu mabomba yakishafukiwa huwezi kuyafukua kwa kuwa umebadili mawazo. Penye kitu kinachorudishika kirahisi, mimi siku hizi najenga kidogo nikaona. Penye kisichorudishika, nakaa chini naandika kwanza, na nampa mtu asome akiwa na ruhusa ya kuniambia sijui kitu.

Na ninachoandika si kile programu inachofanya. Hicho mwenye macho atakisoma humo humo. Naandika sababu, hasa zile zilizotoka kwenye vinywa vya watu, za kituo, za kanisa, za msikiti, za mto unaofurika, kwa maana hizo haziingii zenyewe kwenye kompyuta. Nikiona namba ambayo mtu mwerevu akiikuta ataiona ni uchafu, hapo naandika. Wajinga wataogopa kuigusa. Mwerevu ndiye atakayeifuta, kama Kerubo.

Kuna na jambo jingine ninalofanya na sikulipata kwa mwalimu. Namkabidhi mwenzangu kazi, nakaa kando nikinyamaza, naangalia anakwama wapi. Ni vigumu sana kunyamaza, wewe unanijua. Anapokwama ndipo pa kuandika. Asipokwama, karatasi yangu nzuri naikunja naitupa. Nimetupa nyingi. Zinazobaki naziwekea tarehe, na mwaka ukizunguka nazisoma tena. Iliyoanza kudanganya naifuta bila huruma.

Ulipotaja jina la Kerubo hapa mezani sikulala vizuri siku kadhaa. Mwishowe nikamtafuta kwa simu, wiki iliyopita, wewe ukiwa sokoni. Nilimweleza yote bila kuzunguka. Nikamwambia nilikumbuka, na nilidanganya, na aliondolewa kwa uongo wangu. 

"Nilijua ni mtoto wako tangu nione jina," akasema. "Nilimchukua kwa sababu anajua kazi. Usifikirie ni deni ama ni fadhili."

Nikamwambia nashukuru. Akasema, "Mimi sihitaji kuambiwa, mimi nilikuwepo. Andikia wale ambao walikuamini wewe. Na mtoto umwambie kabla hajafika kwangu. Sitaki kumfundisha kazi nikiwa nimebeba siri yako."

Kwa hiyo leo asubuhi, nilipowaambia nakwenda kumwona mgonjwa, nilikwenda Gesima. Nilikuwa na barua ya nusu ukurasa: Kerubo aliuliza kabla ya kuutoa mstari, mimi nilimjibu ovyo, kisha mbele ya meneja nikakana, kosa lilikuwa langu. Nikatia sahihi. Meneja wa sasa ni kijana mpole, hamjui Kerubo wala hajasikia habari ya magunia yale. Aliisoma mara mbili, akaniuliza huyo mama anataka kurudishwa kazini? Nikasema hataki. Akauliza, sasa wafanye nini nayo. Nikamwomba aitie kwenye faili lake, kama bado liko. Likatafutwa, likapatikana limekaa chini ya mengine, na ndani mlikuwa na karatasi moja tu, ya kumwachisha kazi. Akaiweka yangu juu yake. Nikapita pia nyumbani kwa Mzee Nyakundi. Amezeeka, masikio hayasikii vizuri, ikabidi nikiri kwa sauti ya juu na majirani wakasikia. Sawa tu.

Kerubo hajaniambia amenisamehe, nami sikumwuliza. Wewe usiende kumwombea msamaha kwa niaba yangu. Fanya kazi yake vizuri, muulize unapokwama, na ukimwona mkali usidhani ni kisasi. Alikuwa mkali hata akiwa mdogo. Akitaka kujua mama yako alikuambia nini, mwambie yote, pamoja na yale ya getini.

Nilifikiri kuificha barua hii ndani ya nguo zako uikute Nairobi, mimi nikiwa mbali nimejificha huku. Nimebadili nia. Nakuja kukupa mkononi sasa hivi, kisha nitarudi jikoni nikae. Ukitaka kuja kuniuliza, njoo. Ukiwa na hasira, njoo nayo. Na kama hutaki kusema nami mpaka kesho, ni haki yako. Mkoba wako nitaubeba hadi stendi hata hivyo.

Mama yako.